Ildefonce Hakuwa Mvivu

Mwezi uliopita nilikuwa Lusahunga kwa mjukuu wangu, nimeketi nje ya duka lake nikingoja gari la kunirudisha Kirushya. Kijana mmoja wa kupakia mizigo akamfokea mwenzake aliyekuwa ameegemea gurudumu la lori: "Inuka wewe! Usituletee Ildefonce hapa!" Wenzake wakacheka.

Nikamwita. Akaja, akanipa shikamoo kwa adabu, nikaitika. Nikamuuliza kama anamjua huyo Ildefonce.

"Hapana, mzee. Ni msemo tu. Bibi yangu wa Ngara huusema kwa mtu asiyependa kazi."

Msemo tu. Gari lilipofika nililiacha likaenda. Nikamwambia mjukuu wangu anipe daftari na kalamu, nami nikaanza kuandika palepale. Shule sikusoma. Herufi nilifundishwa na katekista wakati wa mafundisho ya ubatizo, na yaliyobaki niliyaokota mwenyewe katika magazeti ya kufungia sukari na vitabu vya kuazima. Lakini Ildefonce nilimjua tangu tukichunga mbuzi, nilimbeba begani mwangu, na nilishika koleo siku ya kumzika. Hayo hayahitaji shule.

Kabla hatujahamishiwa vijijini, kila kilima upande wetu kilikuwa na machela yake. Kwa Kihangaza ni ingobyi. Ilifumwa kwa fito na kamba za miti, ndefu kama kitanda, ikiwa na miti miwili ya kupita mabegani mwa wabebaji wanne. Mgonjwa akizidiwa ilipigwa pembe, na wanaume wa kilima chote waliacha walichokuwa wakifanya. Aliyekuwa akikoroga udongo wa nyumba aliuacha ukauke. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa dini gani au mmegombana lini. Mimi niliwahi kumbeba mtu aliyesogeza mpaka wa shamba langu. Nilimbeba maili kumi na tano mpaka hospitali ya misheni, nikimchukia kila hatua, na bega sikulegeza. Asiyeitikia pembe aliambiwa neno moja tu: siku yako utatembea mwenyewe. Hakuna aliyetaka kuambiwa mara mbili.

Ildefonce alikuwa mkuu wa machela wa kilima chetu tangu akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mfupi, mpana, bega lake la kulia lina sugu kubwa kama nusu ya limau. Tulipopanda mlima yeye alikaa nyuma, upande wa chini, ambako uzito wote unamshukia mtu. Tuliposhuka alikwenda mbele. Sijui ni mara ngapi nilimwona akiwapokea watu wawili kwa zamu moja, kisha anawaambia waliopumzika, "Mnahema nini? Mgonjwa ni huyu, si ninyi."

Alikuwa na sheria zake, alizopewa na baba yake. Mgonjwa hulazwa chali, hufungwa kwa kamba tatu, kifuani, kiunoni na magotini, asije akaanguka mtelemkoni. Machela ikishanyanyuliwa haiwekwi chini mpaka kituoni, penye jiwe ng'ambo ya kijito, kwa sababu anayewekwa chini njiani, wazee walisema, hukaa hapohapo. Na hakuna kuketi ndani ya machela. Anayeketi ni bibi harusi. Kweli, mabibi harusi nao walibebwa kwa ingobyi siku zile, wameketi, wamefunikwa mkeka. Mgonjwa akijaribu kuinuka Ildefonce alimpigia kelele, "Lala wewe! Hujaolewa!" Sisi tulicheka, na mara nyingi mgonjwa naye alicheka. Nakiandika kicheko hicho kwa sababu nitakirudia.

Mwaka 1974 wakaja na operesheni. Tulibomolewa vilimani tukapangwa kando ya barabara kwa mistari, kama miche ya kahawa, katika kijiji walichokiita Juhudi. Watu wa vilima vitano walichanganywa, hata sikumjua jirani yangu wa kushoto. Mwenyekiti wetu alikuwa Desderius, mtu mwenye sauti nzuri na mashati yenye mifuko miwili. Siku ya mkutano wa kwanza Leonidasi, mpiga pembe wetu, aliuliza machela zetu zitakaa wapi.

"Machela?" Desderius akasema. "Ndugu Leonidasi, bado uko kilimani? Mambo ya kila kilima na chama chake yamekwisha. Kata ina gari. Mgonjwa atapanda gari kama binadamu."

Machela nne zikavunjwa kuni. Ya kwetu ilikuwa imara, akaichukua yeye, akaitundika ghalani kwake akaanikia mahindi. Ildefonce aliitazama siku moja kupitia mlango ulio wazi, akaniambia, "Angalau haitapata mchwa." Hilo ndilo lalamiko pekee nililomsikia nalo kuhusu vijiji. Mimi nililalamika kwa ajili yetu sote wawili, na bado naendelea.

Katikati ya mwaka 1978 alianza kuchoka. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Kwanza ilikuwa kikohozi na homa ya jioni, homa ndogo isiyomlaza mtu, na jasho la kulowesha shuka. Kisha pumzi. Katika shamba la kijiji kila mtu alipimiwa matuta yake, na Ildefonce aliyekuwa akimaliza yake na kuwasaidia wajane, sasa alipiga jembe mara tatu, anaketi. Aliketi kwa namna moja tu. Alisimamisha jembe mbele yake, akaukumbatia mpini, akainamisha kifua mpaka karibu na magoti. Ukimwona kwa mbali ungedhani anasinzia.

"Mkuu wa machela amesinzia!" vijana wa Desderius walimpigia kelele. "Mleteeni mto!"

Aliinuka, akapiga jembe mara tatu nyingine.

Mkewe Clotilda ndiye aliyeona mengine. Miguu ilivimba, akibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki. Tumbo likajaa, mikono ikakonda. Wazee fulani wakanong'ona kwamba amelishwa sumu katika pombe, kama kawaida yetu kila tumbo linapovimba, na wakaanza kutaja majina. Clotilda aliwafukuza uani kwa mchi. "Mume wangu anatapika? Anaharisha? Hapana. Anakosa pumzi. Tangu lini sumu ya pombe ikakaa kifuani?" Akamshika mkono wakaenda zahanati.

Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, Alfonce, kijana aliyejua kupiga sindano na kujua kwamba anajua. Nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka jipu langu. Alimwekea Ildefonce kile chombo cha masikio kifuani, juu ya shati. Akasikiliza kidogo. Akatabasamu.

"Mzee, moyo wako umetulia kama maji ya mtungini. Hata siusikii."

"Husikii?" Clotilda akauliza.

"Mama, moyo mgonjwa hupiga makelele. Huvuma, hukwaruza. Huu uko kimya kabisa. Huyu hana ugonjwa. Ana uchovu, na uchovu dawa yake ni kazi."

Akampa vidonge vya malaria na aspirini. Kwa kuwa Desderius alikuwa amedai cheti, akaandika pia karatasi: Hana ugonjwa. Anaweza kazi zote.

Nimekuwa nikijiuliza jambo hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila ninapojiuliza damu hunichemka. Mtu yuko hai mbele yako, anatembea, anaongea, na moyo wake husikii. Mtoto wa darasa la pili angeshtuka. Angeuliza: umekwenda wapi? Alfonce hakuuliza, kwa sababu alikwisha kupata jibu lililompendeza mwenyekiti.

Mwishoni mwa mwaka vita ikaja. Nduli alikuwa amevuka mpaka huko kaskazini ya mkoa wetu, na sisi wa Ngara tuliona malori yakipita mfululizo. Vijana wakaitwa mgambo. Gari la kata likachukuliwa kwenda mbele. Kwa hayo sina neno, nchi ilivamiwa. Mazoezi yalifanyika uwanja wa shule, wanaume wote mpaka miaka arobaini. Ildefonce alikwenda. Alikimbia kutoka goli moja hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti, akainama.

Jumapili baada ya misa Desderius akaitisha mkutano. Kijiji kizima kilikuwapo. Akamwita Ildefonce mbele, na yule mtu akasimama pale amejishika ubavu, midomo ya kijivu.

"Ndugu wanakijiji! Wenzetu wanamwaga damu. Huyu ndugu yetu shambani hakuonekana, sasa na vitani anapiga magoti. Anasema mgonjwa. Haya, tusimwonee." Akatoa karatasi ya Alfonce katika mfuko wa shati akaisoma, polepole, kila neno. "Hana ugonjwa. Anaweza kazi zote. Mmesikia? Basi mimi namwita jina lake. Huyu ni kupe. Ni mvivu na ni mwoga."

Mtoto mmoja akacheka, wakafuata wakubwa. Ildefonce akasema, "Mwenyekiti, watu hawa nimewabeba." Hakusikika nyuma, pumzi haikumtosha. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nilisikia. Nilitazama miguu yangu.

Mwezi wa pili, 1979, asubuhi na mapema, Clotilda alikuja kwangu akiwa hana kitambaa kichwani.

"Shemeji Bernardo, mume wangu anakufa ameketi."

Mazoezi siku hiyo niliyaacha, nikaenda. Alikuwa chini, amekumbatia kinu kilichogeuzwa juu chini, paji la uso limelala juu yake. Clotilda akaniambia kwamba kwa wiki tano amelala hivyo, ameketi, na yeye amekaa nyuma yake akimshikilia asianguke. Akimlaza anazama. Ndivyo alivyosema: anazama. Mishipa ya shingo yake ilikuwa imetuna kama kamba zilizolowa.

Tukaenda kwa Desderius kuomba gari. "Gari liko vitani linabeba risasi," akasema. "Mnataka nilirudishe kwa ajili ya huyo?" Nikaomba machela. Alitafuta neno la kukataa, hakulipata. "Mwageni mahindi vizuri, juu ya mkeka. Na mkimaliza muirudishe."

Leonidasi akapiga pembe. Ilikuwa haijalia tangu tuhame. Kijiji kilikuwa na kaya mia mbili na zaidi. Vijana walikuwa mazoezini, na wengi wa waliobaki walitoka mlangoni wakatazama, wakarudi ndani. Wakaja wanaume wanne, wote wa kilima chetu cha zamani, wote wamepita miaka arobaini na mitano. Pamoja na mimi na Leonidasi tukawa sita, wanne mabegani na wawili wa kupokeza.

Tukamlaza chali. Nilimfunga mimi, kamba tatu, kifuani, kiunoni, magotini, kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Bernardo," akasema, "msinilaze."

Nikamwambia, "Lala wewe. Hujaolewa."

Tukacheka wote sita. Tulitaka kumpa moyo. Tulifurahi, ukitaka ukweli, machela imerudi mabegani, mambo yamerudi kuwa mambo. Tukaondoka kwa mwendo mzuri.

Kilima cha kwanza alikuwa akiongea. Cha pili aliacha kuongea akaanza kuparua kamba ya kifuani. Tulidhani ni homa inampanda kichwani. Alipiga kichwa huku na huku, macho yamemtoka, mdomo wazi kama samaki. Clotilda alikuwa akikimbia nyuma yetu na kikapu.

"Mfungueni! Mketisheni!"

"Bado kituo, shemeji," nikamjibu. "Jiwe liko ng'ambo ya kijito. Hatuwezi kumweka chini hapa, atakaa hapa."

"Atakaa hapo juu! Hamumwoni? Ameshakuwa mweusi!"

"Ni desturi, mama!" Leonidasi akasema bila kugeuka.

Clotilda alikuwa na kisu cha kumenyea ndizi kikapuni. Alipita katikati yetu, machela ikiwa mabegani, akakata kamba ya kifuani, akakata ya kiunoni, na kunikata mimi kidole ambacho mpaka leo hakikunjiki. Ildefonce akainuka mwenyewe. Aliinuka kama mtu anayetoka chini ya maji, akajitupa mbele, akashika miti ya pande mbili, na tukasikia pumzi inaingia. Machela ikayumba, tukasimama.

"Sasa mbebeni hivyo," Clotilda akasema.

"Ameketi?" Leonidasi akasema. "Mwanamume? Shemeji, watatucheka mpaka Bugarama."

"Wacheke. Mimi nimeshachekwa mkutanoni na ninyi mkiwapo. Au mlikuwa wapi siku ile?"

Tukambeba ameketi, amefunikwa kanga ya mkewe mabegani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Unaweza kufikiri yalivyoonekana. Karibu na kijito tukakutana na wanawake wanatoka kuchota maji. Mmoja akapiga kigelegele.

"Jamani, bibi harusi huyu mbona ana ndevu?"

"Ndevu ni za mahari!" Leonidasi akamjibu. Jasho na machozi vilikuwa vinamtoka pamoja.

Ildefonce akafungua jicho moja. "Waambie," akasema, na ilimchukua pumzi tatu kulimaliza, "waambie nimeolewa kwa Masista."

Tulifika saa nane mchana. Mlangoni alitupokea Sista Adelfina, muuguzi aliyezeekea katika kazi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alimtazama mgonjwa, akatutazama sisi.

"Nani aliyemketisha?"

Tulidhani tumekosea tena. Leonidasi akaonyesha kwa kidevu.

"Huyu mama," Sista akasema, "ndiye aliyemtibu mpaka hapa. Mngemleta amelala mngeleta maiti."

Sijawahi kupigwa kofi kubwa kuliko hilo, na sikuguswa.

Niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa kuwa Clotilda aliniomba. Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu watu wetu hudhani ugonjwa hujulikana kwa mashine. Sista hakugusa mashine yoyote kwanza. Alitazama shingo. Akamwambia Clotilda, "Ona mishipa hii. Mtu akiketi inatakiwa ilale. Hii imesimama. Damu inarudi moyoni inakuta mlango umefungwa." Akashika mshipa wa mkono akamwambia mgonjwa avute pumzi ndefu. "Akivuta pumzi mshipa unapotea. Akitoa unarudi." Kisha akagonga kifua kwa kidole juu ya kidole, akianzia kwapani akija katikati, kama mwanamke anayegonga kibuyu kujua pombe imebaki mpaka wapi. Hata mimi nilisikia sauti ilipobadilika, mbali sana upande wa kushoto, mahali ambapo moyo haupaswi kufika. Mwisho akaweka chombo cha masikio. Juu ya ngozi, si juu ya shati. Alisikiliza muda mrefu, amefumba macho.

"Unasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde," akasema.

"Kule zahanati walisema hausikiki kwa sababu ni mzima," Clotilda akamwambia.

Sista alifumbua macho. "Walisema nini?"

Clotilda akarudia. Sista alikunja mikono ya joho lake akaenda kumwita daktari, na nilimwona akitembea kwa haraka ambayo si ya kitawa.

Picha ya eksirei ilitundikwa dirishani. Moyo ulikuwa mkubwa, mviringo, tako pana na shingo nyembamba. Kibuyu kabisa. Sista akatueleza kwa Kiswahili cha kawaida. Moyo umo ndani ya mfuko. Mfuko ule ulikuwa umeshikwa na kifua kikuu, ukawaka, ukatoa maji, na maji yakajaa mpaka yakaubana moyo usiweze kufunguka. Ndiyo maana Alfonce hakuusikia: alikuwa anasikiliza kupitia maji. Na ndiyo maana mgonjwa aliinama mbele: akiinama anapata nafuu, akilala chali anabanwa. Miezi yote ile alikumbatia mpini wa jembe kwa sababu ndiyo dawa pekee aliyoijua.

Daktari akaingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua. Yakatoka maji ya rangi ya chai yenye damu, zaidi ya chupa ya bia. Nilimwona Ildefonce usoni. Yalipofika nusu, midomo yake ikaanza kurudi rangi. Alihema tu, kama mtu anayeonja kitu.

Saa kumi alasiri aliomba alazwe. Wakamlaza. Chali. Clotilda alisimama akimtazama, akingoja azame. Hakuzama. Basi akaketi sakafuni pembeni ya kitanda, akaegemeza kichwa chuma cha kitanda, na mchana ule mweupe, watu wakipita na mabeseni, akalala mpaka kesho yake.

Ildefonce alikaa hospitalini miezi miwili ya sindano, kisha akapewa vidonge vya nyumbani. Siku ya kuondoka nilikwenda kumchukua. Sista akamuuliza kama ana haja nyingine.

"Naomba karatasi," akasema. "Karatasi iliyosomwa mkutanoni ilisema sina ugonjwa. Nataka nyingine isomwe palepale."

Sista akaandika, akiwa ameweka kaboni, daktari akatia sahihi na muhuri. Ya juu ilikuwa ya mwenyekiti. Nakala akampa Clotilda.

Vita ilikwisha. Mgambo wetu waliporudi kulikuwa na mkutano mkubwa, ngoma, pombe, ng'ombe wawili. Ildefonce alingoja mpaka hotuba zikaisha, akapita mbele kwa mwendo wake wa polepole, akampa Desderius ile barua kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, naomba uisome kama ulivyosoma ya kwanza."

Desderius aliifungua. Nilimwona akiisoma, macho yake yalikwenda mpaka chini. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Ndugu yangu, leo ni siku ya mashujaa. Mambo ya mtu mmoja tutayaangalia ofisini."

Ildefonce alikwenda ofisini mara nne nilizozijua. Mara ya kwanza katibu hayupo. Mara ya pili barua imepelekwa kata. Mara ya tatu, "Bado wewe na barua yako?" Mara ya nne hakuna aliyetoka nje. Mtu aliyepanda vilima na watu begani alichoshwa na benchi la ofisi. Na watoto waliokuwa wadogo siku ya mkutano walikua, wakalichukua jina lake wakaenda nalo.

Dawa zilikatika mwaka 1980, dukani hata sabuni hakuna. Zikapatikana, zikakatika tena. Mwaka 1984 miguu ikavimba upya. Sista Adelfina alimpima kwa mikono yake ileile, akamwambia ukweli: maji yamekauka, lakini mfuko umekuwa mgumu kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani, na moyo umo ndani haufunguki. Kuna mahali hupasua kifua wakautoa mfuko huo. Kwetu hapakuwapo. Ildefonce alikufa mwezi wa tisa, ameketi, amekumbatia kinu, Clotilda nyuma yake.

Kaburini Desderius alitoa salamu za kijiji. "Marehemu alikuwa mtu mpole," akasema. "Alikuwa mpole, ingawa kazi ilimshinda."

Ingawa kazi ilimshinda! Nilikuwa nimeshika koleo. Clotilda alinitazama mimi, si yeye. Ningeweza kusema. Kijiji kizima kilikuwapo, na nakala ya barua ilikuwa nyumbani hatua mia kutoka pale. Nikatupa udongo. Nikatupa mwingine. Niliogopa kuonekana mchochezi penye msiba. Alfonce hakuisikia sauti ya moyo kwa sababu ya maji. Mimi nilikuwa na sababu gani?

Machela ililiwa na mchwa ghalani kwa Desderius, naye Desderius amekufa, akazikwa kwa heshima. Siku hizi mgonjwa anapakiwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, na majirani wanatazama simu zao. Sina la kuwaambia. Sisi tuliokuwa na machela tulimlaza mtu chali karibu tumwue, kwa desturi, tukicheka.

Clotilda alinipa nakala kabla hajafa. Ilikuwa ndani ya kopo pamoja na vyeti vya ubatizo, kaboni imefifia lakini inasomeka. Wewe kijana wa Lusahunga uliyenipa shikamoo, na bibi yako, na wote wanaolitumia jina lile, isomeni kwa sauti, mbele ya watu:

*Kwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Juhudi. Ildefonce amelazwa hapa kwa ugonjwa wa mfuko wa moyo uliosababishwa na kifua kikuu. Alikuwa nao kwa miezi mingi kabla ya kuletwa. Mtu mwenye ugonjwa huu hawezi kulima, kukimbia wala kubeba, na alipofanya hayo aliyafanya akiwa karibu na kifo. Asipewe kazi nzito. Yeye mwenyewe anaomba barua hii isomwe mbele ya mkutano uleule uliosomewa cheti cha kwanza, na sisi tunaunga mkono ombi lake.*